Kidonda cha Gego la Mwisho: Dawa kwa Saa au kwa Maumivu?

Gego la mwisho, ambalo wengi hulijua kama jino la hekima, kwa kawaida huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati taya limeshajaa. Likikosa nafasi hulala ubavu, hukwama chini ya fizi au ndani ya mfupa. Kulitoa hapo si kuvuta tu: fizi hupasuliwa, mfupa unaolizunguka huchongwa kwa mashine, na mara nyingi jino lenyewe hukatwa vipande ili lipite bila kuumiza taya. Kinachobaki ni kidonda cha mfupa kilichomo kinywani, penye mate, mabaki ya chakula na vijidudu. Sindano ya ganzi huyaficha yote hayo kwa muda. Lignokaini yenye adrenalini, ganzi ya kawaida katika kliniki nyingi za meno, huacha mdomo na ulimi vikiwa vimekufa ganzi kwa saa 3 hadi 5. Ikiisha, maumivu huingia kwa kasi, hufikia kilele ndani ya saa 6 hadi 8 baada ya upasuaji, kisha hupungua siku hadi siku. Uvimbe hufuata nyuma: huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu, ndipo huanza kushuka.

Mwendo huu unajulikana vizuri kuliko wa maumivu mengine mengi, na sababu yake ni ya pekee. Mwaka 1976 Stephen Cooper na William Beaver walichapisha njia ya kupima nguvu za dawa za maumivu kwa watu waliotolewa meno kwa upasuaji, na tangu hapo gego lililokwama limekuwa mahali pa kawaida pa kujaribia dawa hizo. Wagonjwa ni vijana wasio na maradhi mengine, vidonda vyao vinafanana, na maumivu huanza kwa saa inayotabirika. Hivyo wanaobishana kuhusu namna ya kuyatuliza hawakosi ushahidi. Sauti zinazosikika katika ubishi huo ni nne: ya daktari wa kinywa na meno, ya mfamasia anayetoa vidonge, ya kijana aliyeng'olewa, na ya bibi wa Pemba ambaye ndiye atakayemuuguza nyumbani.

DAKTARI: Jambo la kwanza ni saa. Dozi ya kwanza inywewe ganzi ikiwa bado ipo, isingoje maumivu. Kidonge huchukua nusu saa hadi saa nzima kuanza kufanya kazi, na muda wote huo nyama iliyokatwa inatengeneza prostaglandini, kemikali zinazofanya neva za mahali hapo ziumie kwa jambo dogo tu. Gego likitoka saa 4 asubuhi, ganzi itakwisha kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Anayekunywa dawa saa 6 mchana ataifuatisha saa 12 jioni, kisha saa 6 usiku, kisha saa 12 asubuhi. Ratiba rahisi kuliko hiyo haipo.

BIBI: Mwanangu daktari, mtu hanywi dawa ya maumivu asiyoyasikia. Wako waliong'olewa wakarudi nyumbani, wakalala, wakaamka hawana neno. Hao nao wanyweshwe vidonge siku tatu kwa sababu ya saa? Matumbo yao yakichubuka, nani atajibu?

Pingamizi la bibi lina uzito kwa jino jepesi. Gego lililoota wima, likatoka kwa koleo bila mfupa kuguswa, huacha maumivu madogo, na wapo wanaomaliza na dozi mbili za parasetamoli. Kwa gego lililochongewa mfupa mambo ni tofauti. Kilele chake huangukia jioni na usiku wa kwanza, saa ambazo kliniki imefungwa na duka la dawa liko mbali, na anayengoja mpaka ashindwe kulala ndiye huishia kumeza vidonge vinne kwa mpigo. Utaratibu unaofaa ni kufuata saa kwa siku mbili za mwanzo, kisha kunywa kwa kadiri ya maumivu. Bibi na daktari hawako mbali sana hapo. Wanatofautiana kuhusu jino gani lipo mezani.

Daktari naye ana njia za kupunguza kilele hicho kabla mgonjwa hajatoka kitini. Bupivakaini, ganzi ya muda mrefu, ikidungwa mwisho wa upasuaji huweza kudumu saa 8 au zaidi, na hivyo kuvuka saa mbaya kabisa. Dozi ya deksamethasoni hupunguza uvimbe na kukaza kwa taya. Si kila kituo kina dawa hizo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

MFAMASIA: Kuhusu saa sina ubishi, daktari. Swali la dukani ni kidonge gani. Watu huingia na neno moja tu, panadol, kana kwamba dawa ya maumivu ni hiyo peke yake. Parasetamoli ni dawa njema: haichubui tumbo, na mama mjamzito anaweza kuitumia. Lakini penye uvimbe nguvu yake ina mwisho. Ibuprofeni huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza zile prostaglandini, pale pale kwenye kidonda.

Siri ya ibuprofeni na jamaa zake ilifichuliwa na John Vane mwaka 1971, alipoonyesha jinsi aspirini inavyozuia prostaglandini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni yenyewe ilikwisha kuwa sokoni Uingereza tangu 1969, imetoka katika maabara ya kampuni ya Boots mjini Nottingham. Stewart Adams, aliyeongoza utafiti huo, alisimulia kwamba aliwahi kuinywa kutuliza kichwa kilichokuwa kikimgonga baada ya kulewa, siku aliyotakiwa kuhutubia mkutano. Kwa gego la mwisho ushahidi hauhitaji hadithi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio kwa waliotolewa magego ya chini, yalikuta kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 hutuliza kuliko parasetamoli ya miligramu 1,000, na kwamba zikinywewa pamoja hutuliza zaidi ya kila moja peke yake.

Watafiti wa maumivu ya upasuaji wana kipimo kinacholinganisha dawa hizi kwa namba. Huuliza: wagonjwa wangapi wapewe dawa ili mmoja zaidi, kuliko waliomeza kidonge kitupu, apate nafuu ya angalau nusu ya maumivu kwa saa 4 hadi 6? Kadiri namba inavyokaribia 1, ndivyo dawa ilivyo kali dhidi ya maumivu. Parasetamoli ya miligramu 1,000 hupata takriban 3.6. Ibuprofeni ya miligramu 400 hupata 2.5. Zote mbili pamoja, 1.5. Kodeini, ambayo watu wengi huiogopa na kuitamani kwa kuidhani kali, ikinywewa peke yake kwa miligramu 60 hupata 12.

DAKTARI: Basi mtu mzima mwenye afya anywe ibuprofeni 400 pamoja na parasetamoli 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, siku 2 au 3 za mwanzo, akiwa ametia kitu laini tumboni.

MFAMASIA: Taratibu, daktari. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti ina mpaka wa miligramu 1,200 kwa siku. Dozi 4 za 400 ni 1,600. Ukiandika wewe, umeshamuuliza kuhusu figo na tumbo, natoa bila wasiwasi. Asiye na cheti nitamwambia ibuprofeni kila baada ya saa 8, parasetamoli kila baada ya saa 6, na parasetamoli isizidi gramu 4 katika saa 24.

Hapa mfamasia ndiye mwenye hoja nzito, kwa kuwa wagonjwa wengi hawarudi kwa daktari kuuliza, huenda dukani. Tanzania ilianza mpango wa maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu hiyo hiyo: watu walikuwa wakinunua dawa kwa wauzaji wasio na mafunzo. Kosa linalotendeka mbele ya kaunta ni la jina la pakiti. Vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli vimejaa Afrika Mashariki, na jina kubwa la kibiashara mbele ya pakiti halitaji kilichomo. Anayemeza kidonge hicho, akaongeza ibuprofeni na panadol juu yake, amekunywa dawa mbili za jamii moja za kuchubua tumbo na parasetamoli maradufu. Dawa za mafua nazo mara nyingi zina parasetamoli. Maandishi madogo ya nyuma ya pakiti ndiyo ya kusomwa, na asiyeyaona vizuri amwombe muuzaji amsomee. Parasetamoli ikizidi huliharibu ini, na ubaya wake ni ukimya: siku ya kwanza mtu anaweza kuona kichefuchefu tu au asione lolote, wakati seli za ini zinakufa.

BIBI: Na nani asiiguse kabisa hiyo ibuprofeni, mwanangu? Maana nyumbani mtu akipata dawa iliyomfaa humgawia jirani.

MFAMASIA: Mwenye vidonda vya tumbo, bibi. Mwenye ugonjwa wa figo. Mwenye pumu ambaye aspirini humbana kifua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari wake ameamua. Na mwenye homa inayoweza kuwa dengue, kwa sababu dengue huleta hatari ya kuvuja damu. Dar es Salaam iliipata kwa mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Hao wote wabaki na parasetamoli. Aspirini nayo haifai kidonda hiki: hudhoofisha chembe sahani za damu kwa uhai wote wa chembe hizo, yaani siku 7 hadi 10, na ikisagwa ikawekwa juu ya fizi, kama wengine wafanyavyo, huiunguza.

Mwezi wa Ramadhani huleta ugumu wake, kwani kutoka daku hadi futari ni zaidi ya saa 13 bila kidonge. Mfamasia huwa tayari kubuni ratiba: dozi moja futarini, moja usiku wa manane, moja daku. Bibi humkatiza kwa elimu aliyonayo tangu utotoni: Qur'ani, katika Surat al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Upasuaji usio wa dharura unaweza pia kusogezwa hadi baada ya Idi, na hilo ndilo jepesi kuliko yote.

KIJANA: Shikamoo daktari. Binamu yangu yuko Marekani; alipong'olewa jino kama hili alipewa dawa kali, jamii ya mofini. Mbona mimi napewa vidonge vya kila siku? Au ni kwa kuwa za wenzetu ni ghali?

DAKTARI: Marahaba. Binamu yako alipewa kile ambacho madaktari wa huko sasa wanakiacha.

Jibu la daktari lina historia ndefu. Kwa miaka mingi gego la mwisho lilikuwa mojawapo ya njia ambazo vijana wa Marekani walikutana kwa mara ya kwanza na dawa jamii ya afyuni, kama haidrokodoni na oksikodoni. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2018 ulifuatilia vijana wasiowahi kuzitumia: miongoni mwa waliochukua dawa hizo baada ya kung'olewa magego, asilimia 1.3 waliendelea kuzipata miezi baadaye, dhidi ya asilimia 0.5 ya wale ambao hawakuzichukua. Asilimia hiyo ni ndogo machoni, lakini mamilioni ya magego hung'olewa nchini humo kila mwaka. Mwongozo ulioungwa mkono na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2024 uliweka ibuprofeni na jamaa zake, peke yake au na parasetamoli, kuwa chaguo la kwanza. Mwaka uliofuata yalitoka matokeo ya jaribio lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Rutgers kwa wagonjwa zaidi ya 1,800: waliokunywa ibuprofeni na parasetamoli waliumwa kidogo kuliko waliopewa haidrokodoni na parasetamoli, hasa siku na usiku wa kwanza, na walilala vizuri zaidi.

Kodeini ina hatari inayowahusu hasa watu wa pembe hii ya Afrika. Yenyewe ni dhaifu. Mwili ndio huigeuza kuwa mofini, na kasi ya kugeuza hutegemea urithi. Miongoni mwa Waethiopia waliopimwa katika miaka ya 1990, asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni inayofanya kazi hiyo. Mtu wa aina hiyo hupata mofini nyingi ghafla kutoka dozi ya kawaida, pumzi ikapungua. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kodeini na tramadoli kwa watoto wa chini ya miaka 12. Tramadoli inabaki kuwa ya yule asiyeweza kutumia ibuprofeni na ambaye parasetamoli haikumtosha, kwa siku chache, kwa cheti.

BIBI: Mmehesabu vidonge vyote, hamjaitaja karafuu. Sisi tumeitia kwenye jino linalouma kabla maduka hayo hayajafunguliwa.

Bibi hasemi ndoto. Mafuta ya karafuu ni eujenoli kwa sehemu kubwa, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 90, na eujenoli hutia ganzi na kupunguza uvimbe. Kisiwani Pemba, karafuu zikishachumwa na kuchambuliwa, makonyo, yaani vikonyo vyake, hayatupwi. Kiwanda cha makonyo kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, huyachemsha kwa mvuke na kuyatoa mafuta. Mafuta ya aina hiyo, yakichanganywa na oksaidi ya zinki, ndiyo hufanya ile saruji yenye harufu ya pilau ambayo madaktari wa meno bado huijazia matundu ya muda. Kwa hiyo bibi na daktari hutibu kwa kitu kimoja. Wanachotofautiana ni siku. Kwenye kidonda kibichi, pamba iliyolowa mafuta husukuma na kung'oa donge la damu, na mafuta yasiyochanganywa huunguza fizi na kuumiza mfupa. Karafuu ina siku yake, nayo ni ile ya tatu au ya nne, mambo yakiharibika, tena mkononi mwa daktari.

Kuharibika huko ni tundu kavu, hali aliyoieleza James Young Crawford mwaka 1896. Donge la damu linalopaswa kulifunika shimo la jino huyeyuka mapema au hutoka, na mfupa hubaki wazi. Maumivu yaliyokuwa yakishuka hupanda tena, hupiga hadi sikioni, pumzi hunuka, na kwenye shimo huonekana mfupa wenye rangi ya kijivu mahali penye kutakiwa damu iliyoganda. Kwa meno ya kawaida huwapata watu 1 hadi 5 katika 100. Kwa magego ya chini yaliyokwama huweza kufika 30. Wavutaji sigara na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wamo hatarini zaidi. Ibuprofeni haimalizi maumivu hayo, na hapa ndipo saa inapokuwa kipimo: maumivu yanayopanda siku ya tatu hayaombi dozi kubwa zaidi, yanaomba shimo lioshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali na kuwekewa gozi yenye eujenoli. Nafuu huja upesi, mara nyingi ndani ya saa chache.

Kulilinda donge ni sehemu ya kutuliza maumivu, ingawa wengi hawalihesabu hivyo. Gozi ing'atwe kwa nusu saa bila kuchunguliwa kila dakika. Siku ya kwanza kusiwe na kusukutua, kutema mate kwa nguvu, kunyonya kwa mrija, sigara, shisha wala pombe. Miraa, ambayo hutafunwa na kubanwa shavuni kwa saa nyingi, ingoje wiki nzima. Uji uliopoa, mtori laini, mtindi na ndizi mbivu iliyopondwa vinatosha. Vya moto huanzisha damu.

BIBI: Na maji ya chumvi?

DAKTARI: Kesho yake, bibi, si leo. Nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kwa siku hasa baada ya kula, yazungushwe taratibu na kuachwa yadondoke yenyewe.

Barafu iliyofungwa kitambaani huwekwa shavuni dakika 20, ikaondolewa dakika 20, kwa siku ya kwanza. Ushahidi wake ni mdogo, lakini haidhuru na wengi huipenda. Baada ya siku mbili joto la kitambaa chenye maji ya moto husaidia zaidi taya lililokaza.

KIJANA: Dukani wanasema niongeze amoksilini na metronidazoli, maumivu yatapungua.

MFAMASIA: Hao wanakuuzia kinga kwa jina la dawa ya maumivu, mdogo wangu.

Mapitio ya Cochrane yaliyohuishwa mwaka 2021 yalihesabu kwamba watu 19 wenye afya wangepaswa kupewa antibiotiki ili kumkinga mmoja na maambukizi baada ya kutolewa gego. Zina kazi basi, lakini 18 kati yao hunywa bure, huweza kupata kuhara au upele, na huwafundisha vijidudu kuzizoea. Daktari huziandika kwa sababu maalumu: upasuaji mrefu, kisukari kisichodhibitiwa, kinga dhaifu. Maumivu hayamo katika orodha yake.

Nafuu ya kawaida huwa dhahiri kufikia siku ya nne au ya tano, na wiki ikiisha wengi hawahitaji kidonge. Nje ya mwendo huo kuna hali zinazomrudisha mtu kwa daktari bila kungoja miadi: damu isiyokoma baada ya kung'ata gozi kwa nusu saa mara mbili, homa, usaha, uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu, ugumu wa kumeza au kupumua, ambao ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Nyingine haiumi kabisa. Mdomo wa chini au ulimi ukibaki na ganzi siku ya pili, neva inayopita karibu na mizizi ya gego huenda imeguswa. Wengi hupona kwa wiki au miezi, na hakuna kidonge cha maumivu kinachoharakisha; daktari anahitaji kujua mapema ili apime eneo lililokufa ganzi, aliandike, na kulilinganisha mgonjwa anaporudi.